Kliniki 158, nyumbani 128: presha ipi ya mama ni ya kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, na huu ni mwaka wa nne anameza dawa ya presha. Kila akienda kliniki anakutwa na 150 na kitu. Mara ya mwisho ilikuwa 158/94. Nyumbani tunampima kwa mashine tuliyonunua wenyewe, anapata 128/78, siku nyingine 131/80. Daktari wake anataka kumwongezea dawa ya pili. Mama anakataa, anasema presha ya kliniki ni woga tu. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Mama anaweza kuwa sahihi, na daktari wake pia anaweza kuwa sahihi. Kwa namba mlizonazo sasa hivi hakuna anayeweza kujua. Mama aendelee na dawa yake ya kila siku bila kuruka hata moja, na mwombeni daktari awape wiki moja ya kupima kwa utaratibu kabla hajaandika ya pili. Presha ya 158/94 kwa mtu asiye na dalili yoyote inaruhusu wiki moja ya subira. Hairuhusu mwaka mzima wa mabishano.

Tuanze na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: namba ya nyumbani na ya kliniki hazipimwi kwa mstari mmoja. Kliniki, presha huhesabiwa kubwa kuanzia 140/90. Nyumbani mstari ni 135/85, kwa kuwa mtu akiwa ametulia kwake presha huwa chini kidogo. Kwa hiyo anayepata 137/84 nyumbani na kufurahi kwamba yuko chini ya 140 anajidanganya. Namba za mama mlizoniandikia ziko chini ya mstari, ila hazijaniambia alipimwa vipi, saa ngapi, wala ni namba ngapi mlizoziacha bila kuziandika.

Tofauti ya pointi 30 inaweza kuletwa na mambo matatu, na mara nyingi huwa mchanganyiko. La kwanza ndilo analolisema mama, madaktari wanaliita presha ya koti jeupe. Mwili ukihisi uko mbele ya mtoa hukumu, homoni za tahadhari humwagika, mishipa hubana na moyo huongeza kasi. Mashine haijakosea hapo. Presha imepanda kweli, ila kwa dakika hizo tu. La pili ni kwamba kliniki wanapima vibaya. La tatu, ambalo familia hazipendi kulisikia, ni kwamba nyumbani ndiko mnakopima vibaya na kupata namba ndogo kuliko ilivyo.

Kosa la kwanza kulitafuta ni la mkanda ule unaofungwa mkononi. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta mfupa wa juu ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati yake, kisha pima mzunguko wa mkono hapo kwenye alama, mkono ukiwa umelegea. Mzunguko wa sentimita 22 hadi 26 unahitaji mkanda mdogo wa mtu mzima, 27 hadi 34 ule wa kawaida, 35 hadi 44 mkubwa, na 45 hadi 52 mkubwa zaidi. Mashine nyingi za nyumbani huja na mkanda mmoja tu, mara nyingi wa sentimita 22 hadi 32, na vipimo vyake vimeandikwa kwenye kitambaa chenyewe. Utaona pia mstari wa alama ukingoni mwa mkanda: ukishaufunga, mstari huo lazima uangukie ndani ya eneo lililochorwa. Ukipita nje ya eneo hilo, mkanda si wa mkono huo.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 ulijaribu mikanda ya saizi tofauti kwa watu walewale. Waliohitaji mkanda mkubwa zaidi, walipofungwa wa kawaida, namba yao ya juu ilisoma karibu pointi 20 zaidi ya ukweli. Waliohitaji saizi moja tu juu ya kawaida walizidishiwa karibu 5. Na waliohitaji mdogo lakini wakafungwa wa kawaida walipunguziwa karibu 4. Mkanda mdogo hupandisha, mkubwa hushusha. Kama mama ana mkono mnene na kliniki ina mkanda mmoja kwa wagonjwa wote, sehemu kubwa ya zile pointi 30 huenda imejificha hapo. Kama mama ni mwembamba, mwenye matatizo anaweza kuwa mkanda wenu.

Baada ya mkanda, mkao. Ndani ya nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala chai, asivute tumbaku, asifanye kazi ya kutoa jasho. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea kweli, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Hapo akae kimya dakika tano kamili kwa saa. Si “kama dakika tano”. Wengi huketi, hufunga mkanda na kubonyeza kitufe kwa pumzi moja, halafu wanashangaa kuona 150.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu. Kukunja mkono wa nguo hadi ukabana juu ni kosa lingine, afadhali avue. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko, mpira wa hewa uelekee upande wa ndani wa mkono unakopita mshipa, na ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili chini yake. Mkono ulale juu ya meza, kiganja kikitazama juu, katikati ya mkanda pawe sawa na katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi, ongeza mto.

Urefu huo wa mkono una hesabu yake. Damu ni kimiminika, na kimiminika kina uzito: kila sentimita 10 mkanda unaposhuka chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka kwa karibu milimita 8 za zebaki, yaani pointi 8, na ukipanda juu ya moyo hupungua vivyo hivyo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2024, ulikuta mkono uliowekwa mapajani unazidisha namba ya juu kwa karibu 4, na mkono unaoning’inia pembeni kwa 6.5. Sasa mfikirie mama amepanda ngazi, ameitwa jina, ameketi kwenye stuli isiyo na egemeo, mkono unaning’inia, na muuguzi anamwuliza, “Mama, dawa unameza?” naye anajibu huku mashine inajaza hewa. Kuongea peke yake kunaweza kupandisha pointi 10. Jumlisha mwenyewe.

Kwa upande wa nyumbani, makosa yanayoshusha namba ni haya: mkanda mpana kupita mkono, mkono ulioinuliwa juu ya mto hadi ukapita usawa wa moyo, na mashine ya kifundo cha mkono iliyoshikwa karibu na uso. Mashine za kifundo mziache, isipokuwa kwa mtu ambaye mkanda wa juu haumkai kabisa. Saa na pete zinazodai kusoma presha bila mkanda nazo bado hazijafikia kiwango cha kuamulia dawa. Miongozo ya Ulaya ya 2023 na 2024 haizipendekezi kwa kazi hiyo. Programu ya simu ya kuweka kidole kwenye kamera ni mchezo tu.

Ila kosa kubwa kuliko yote la nyumbani halimo kwenye mashine. Ni la kuchagua. Mnapima, inatoka 146, mnasema “labda hakutulia,” mnarudia, 139, mnarudia tena, 131, hiyo ndiyo inayoandikwa. Daftari lenye namba nzuri tupu, au lenye 130/80 siku saba mfululizo, halimsaidii daktari kitu. Mashine nyingi zina kumbukumbu. Daktari mzoefu ataibonyeza na kulinganisha na daftari.

Utaratibu wa wiki ndio huu. Asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, kabla ya dawa na kabla ya kula: vipimo viwili, kimoja kikitanguliwa na zile dakika tano, cha pili baada ya dakika moja. Usiku kabla ya kulala, vivyo hivyo. Kupima asubuhi kabla ya dawa kuna sababu: huo ndio wakati dozi ya jana imechoka kabisa, na kama haifiki saa 24, hapo ndipo itakapoonekana. Mkimpima muda wa saa tatu baada ya kumeza kidonge, mnapima kilele cha dawa, na huenda 128 zenu zilitoka hapo. Andikeni kila namba pamoja na mapigo ya moyo, bila kukadiria hadi sifuri ya karibu.

Siku saba mara vipimo vinne ni 28. Futeni vinne vya siku ya kwanza, kwani siku hiyo mtu bado anaizoea mashine, vinabaki 24. Jumlisheni namba zote za juu mgawe kwa 24, kisha za chini hivyohivyo. Tuseme za juu zimefika 3,288: wastani ni 137. Za chini zimefika 1,944: wastani ni 81. Matokeo ni 137/81, na kwa mstari wa nyumbani hiyo bado ni presha isiyodhibitiwa ingawa namba ya chini iko salama. Upande mmoja ukivuka unatosha. Kwenye daftari kama hilo 128 zinaweza kuonekana mara tano au sita, na mtu akawa anazikumbuka hizo tu.

Siku ya kwanza pimeni mikono yote miwili. Ukisoma juu zaidi upande mmoja, huo ndio utakaotumika siku zote, nyumbani na kliniki. Tofauti ya pointi zaidi ya 10 inayojirudia mwambieni daktari, maana wakati mwingine ni dalili ya mshipa uliobana. Mgonjwa wa figo mwenye fistula ya kusafishia damu, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa ajili ya mashine ya figo, asipimwe kwenye mkono huo kamwe. Na kama mapigo ya mama yanarukaruka bila mpangilio, mashine hizi huyumba. Mpimeni mara tatu kila kikao na mpeleke habari hiyo mapema, kwa sababu mapigo ya namna hiyo yana hatari yake ya kiharusi hata presha ikiwa nzuri.

Mashine yenyewe nayo ikaguliwe. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kufanyia biashara ya nje vifaa vya presha vya zebaki, na soko likajaa mashine za betri. Nyingi kati yake hazijawahi kupimwa usahihi kwa utaratibu unaotambulika. Tovuti za STRIDE BP na ValidateBP zina orodha za zilizofaulu; tafuteni namba ya modeli iliyo chini ya mashine, si jina la kampuni pekee. Kisha siku ya kliniki iendeni nayo. Mama akiwa amekaa vilevile, mkono uleule, pimeni kwa zamu: yenu, ya kliniki, yenu, ya kliniki, dakika moja katikati. Zikitofautiana kwa 5 au chini ya hapo, iaminini. Kati ya 6 na 10, rudieni zoezi. Zaidi ya 10, mojawapo ya mashine hizo inahitaji kubadilishwa, na msidhani lazima iwe yenu.

Kabla ya dawa ya pili kuna swali jingine la kuulizwa: mama anameza nini kingine? Ibuprofen na diclofenac za magoti hupandisha presha na kudhoofisha baadhi ya dawa zake. Dawa za mafua za kuzibua pua pia, na steroidi. Vidonge vya maumivu vya kuyeyusha kwenye maji wengi huvisahau: kimoja kinaweza kubeba karibu miligramu 400 za sodiamu, na anayekunywa vinane kwa siku amepita gramu 2 ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kuwa kikomo cha siku nzima, kabla hajagusa chakula. Hesabuni na vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Kama vilitolewa 30 siku 30 zilizopita na vimebaki tisa, tatizo limeshajulikana, na wala si la kumgombeza mtu. Kuhusu saa ya kumeza, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 wenye watu zaidi ya 21,000 haukuona tofauti ya maana kati ya asubuhi na jioni. Achague saa ambayo hatasahau.

Mtakutana pia na namba zinazogongana, kwa hiyo ni vyema mjue zinakotoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linaanza dawa kwenye 140/90, na kwenye 130 ya juu kwa aliyekwisha kupata ugonjwa wa moyo au mishipa. Marekani tangu 2017 inaita 130/80 presha kubwa. Ulaya mwaka 2024 iliweka kundi la presha “iliyoinuka” kuanzia 120/70. Mengi ya mabadiliko hayo yalisukumwa na utafiti wa SPRINT wa mwaka 2015, ambamo watu 9,361 waligawanywa, wengine wakashushwa chini ya 120, wengine chini ya 140. Kundi la chini lilipata matatizo machache ya moyo na vifo vichache, ingawa lilipata pia kuzimia na madhara ya figo zaidi. Lakini mle mashine ilisubiri dakika tano, ikapima yenyewe mara tatu na kutoa wastani, mara nyingi mgonjwa akiwa peke yake chumbani. Mifumo ya afya imechukua ile 120 na kuacha zile dakika tano. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa kuliko uhaba wa dawa mpya: kiti chenye egemeo, meza, mikanda mitatu ya saizi tofauti na dakika tano za kimya havigharimu kitu ukilinganisha na miaka ishirini ya kidonge kisichohitajika, au kiharusi cha mtu ambaye kliniki ilimwona mzima kwa sababu presha yake hupanda akirudi nyumbani. Hao wa kundi la mwisho wapo, na ndio wanaonitia hofu zaidi.

Wiki ikiisha, wastani wa mama ukiwa chini ya 135/85 kwa mashine iliyokaguliwa, daktari atakuwa na sababu nzuri ya kutoongeza dawa. Kwa mtu aliye tayari kwenye matibabu, presha inayopanda kliniki tu haijaonekana kumwongezea hatari ya moyo. Hilo si sawa na mtu asiyetumia dawa kabisa. Yeye hatari yake huwa juu kidogo na anahitaji kufuatiliwa. Panapopatikana mashine ya saa 24, ile inayovaliwa na kujipima kila dakika 15 hadi 30 mchana na kwa nafasi zaidi usiku, ndiyo mwamuzi bora: wastani wa siku nzima uwe chini ya 130/80, na wa usiku chini ya 120/70.

Wastani ukifika 135/85 au kuupita, mama aikubali dawa ya pili. Mwelezeni kwamba vidonge viwili havimaanishi ugonjwa umekomaa. Kuongeza dozi ndogo ya dawa ya aina nyingine hushusha presha karibu mara tano zaidi ya kuzidisha maradufu dozi ya dawa ileile, na mara nyingi kwa madhara machache.

Vyovyote itakavyokuwa, katika umri wake apimwe pia akisimama. Akae dakika tano, apimwe, asimame, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya tatu, mtu akiwa karibu naye. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hiyo iripotiwe kabla ya kidonge chochote kipya; kizunguzungu cha kuamka kitandani na mfupa wa nyonga uliovunjika vinaanzia hapo.

Mkikutana na 180/120 siku yoyote, akae, mrudie baada ya dakika tano. Ikiwa bado iko juu na ana maumivu ya kifua, pumzi inabana, upande mmoja umelegea, ulimi mzito, macho hayaoni vizuri, amechanganyikiwa au kichwa kinamuuma vikali kuliko kawaida, ni dharura ya saa hiyo hiyo, msisubiri kipimo cha tatu. Kama hana dalili hata moja, wasilianeni na kliniki siku hiyohiyo. Asimeze dozi ya ziada kwa uamuzi wenu, na asipasuliwe kapsuli ya nifedipine chini ya ulimi kama wengine wanavyoshauriana: presha huporomoka ghafla, na ubongo au moyo unaweza kukosa damu.

Siku ya kliniki abebe mashine, daftari lenye namba zote 28, na dawa zake zote, zikiwemo za magoti. Akiitwa, aombe kwa upole akae dakika tano kwanza, na ajibu maswali mkanda ukishaachia hewa.